Kosa la Uzi na Kosa la Mkasi

Ukikaa nusu siku kwenye baraza la fundi cherehani, iwe Kariakoo, Kongowea au Gikomba, utaona jambo ambalo wateja wengi hawaliangalii: fundi mzoefu naye anakosea, tena mara nyingi. Mshono unatoka nje ya chaki. Mfuko unasahaulika mpaka ubavu umeshafungwa. Ukosi unageuka ndani nje. Anasonya, anachukua wembe, anafumua, anashona upya huku maongezi yakiendelea, na mwenye nguo akija jioni hajui kilichotokea.

Mwanafunzi wa pembeni yake hakosei mara nyingi hivyo, ila akikosea, watu wanakusanyika. Amekata.

Makosa ya ushonaji ni ya aina mbili, na anayetaka kujishonea nguo nyumbani azijue kabla hajajua kitu kingine. Kosa la uzi linafumuliwa. Kosa la mkasi halirudi. Ajabu ni kwamba wengi wanaoanza huogopa kinyume: cherehani wanaiendea kwa kunyata, wanashika kitambaa kwa mikono inayotetemeka, wakati dakika kumi kabla walitandaza kitenge kitandani wakakikata kwa mkasi wa jikoni bila hata kukinyoosha.

Haya ya cherehani tuyapite upesi, maana ni mepesi. Kwenye cherehani ya miguu kosa la kwanza ni kukanyaga vibaya, gurudumu likazungukia upande usio wake na uzi ukakatika. Dawa yake ni kutoa uzi kabisa na kushona karatasi ya kaki iliyochorwa mistari mpaka miguu izoee. Matundu ya sindano yatakuonyesha wazi ulipopotea. Tumia sindano kuukuu, kwa sababu karatasi huitia butu. Sindano nayo ina namba zake: 90 maana yake ni unene wa mm 0.9, inafaa kitenge na pamba ya kawaida. 70 ni ya vitambaa laini. 100 ni ya jinzi. Sindano nene kwenye hariri huacha matundu yasiyofutika. Hilo ni kosa la uzi lenye tabia ya mkasi, na ndiyo maana kila mshono wa kwanza ujaribiwe kwenye kipande kilichobaki.

Kuna kosa moja la cherehani linalostahili kukaa nalo. Unashona vizuri, kwa juu mshono umenyooka, unageuza nguo na kukuta upande wa chini umejaa vitanzi na mafundo ya uzi. Akili inakutuma kwenye bobini. Unaitoa, unaipuliza vumbi, unakaza kiskrubu chake, unairudisha, na vitanzi vinaongezeka. Hapo ndipo wengi huifunika mashine na kusema ni mbovu.

Mshono wa cherehani ni nyuzi mbili zinazofungana katikati ya unene wa kitambaa, mmoja kutoka juu na mwingine kutoka kwenye bobini, na kila mmoja humvuta mwenzake. Vitanzi vikionekana chini, ujue uzi wa juu ndio uliolegea, ukaburutwa wote chini na uzi wa bobini. Sababu yenyewe mara nyingi ni ndogo sana: ulipitisha uzi huku kikandamizo kimeshushwa. Kikandamizo kikiwa chini, vile visahani viwili vinavyoubana uzi wa juu vimefungana, kwa hiyo uzi unakaa juu yake badala ya kuingia katikati. Inua kikandamizo, toa uzi wote, upitishe upya. Elias Howe alipata hataza ya mashine ya nyuzi mbili huko Marekani mwaka 1846, na Isaac Singer akafuata na yake mwaka 1851. Tangu hapo mashine zimebadilika umbo na rangi, lakini ugomvi wa nyuzi hizi mbili umebaki palepale.

Nimelikalia hilo kwa sababu linarudi kila mahali katika kazi hii. Mahali kosa linapoonekana huwa si mahali lilipozaliwa. Pindo lililopanda upande mmoja huenda lilizaliwa begani. Zipu iliyofanya mawimbi huenda haina ubaya wowote. Kitambaa kilivutwa kilipokuwa kinakatwa. Anayetibu pale panapoonekana anaongeza kosa la pili juu ya la kwanza, na kwa kawaida la pili ndilo la mkasi.

Kuhusu kufumua kwenyewe, mafundi wetu wengi hutumia wembe, na mkono wao unaujua. Mkono wako bado. Wembe ukiteleza kidogo tu, kosa la uzi limekuwa la mkasi. Kwa anayeanza ni salama zaidi kukata mshono mmoja katika kila mitatu au minne kwa upande mmoja wa kitambaa, kisha kugeuza na kuvuta uzi wa upande wa pili. Utatoka mrefu mzima. Ukiisha, piga pasi yenye mvuke au kitambaa chenye unyevu, na matundu mengi ya pamba yatajifunga. Usifumue ukiwa na hasira wala usiku ukiwa na usingizi. Nguo nyingi zimeharibika saa tano usiku, kesho yake kukiwa na harusi.

Tuje kwenye mkasi.

Kitenge kipya kinang'aa na kukakamaa kwa sababu kimetiwa wanga, na pamba yake bado imebeba mvuto wa mitambo iliyoifuma. Kikiingia majini kwa mara ya kwanza wanga unatoka, nyuzi zinalegea, nguo inajikunja. Pamba isiyotayarishwa hupungua kwa asilimia 3 hadi 5 bila taabu, na urefu ndio unaopungua zaidi kuliko upana. Suruali ya sm 105 ikipungua asilimia 4 imepoteza sm 4.2, na jirani ataanza kukuuliza kama mafuriko yamekaribia. Sanford Cluett, Mmarekani, alibuni mwaka 1930 njia ya kuifanya pamba ipungue kiwandani kabla haijauzwa, na vitambaa vingi vya mashati ya bei nzuri hupitia njia hiyo. Cha sokoni usichokijua usikiamini. Kifue kama utakavyoifua nguo yenyewe: kama wewe ni mtu wa maji moto na kuanika juani, kiloweke maji moto na ukianike juani. Najua watu wanachukia kuupoteza ule mng'ao wa dukani kabla nguo haijavaliwa hata mara moja. Utapotea tu, afadhali upotee kabla hujakata.

Na kama hujui umeuziwa nini, chomoa uzi mmoja pembeni uuchome. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, na kubaki jivu laini. Polista huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Hiyo haitapungua sana ukiifua, ila pasi ya moto itaiunguza, na jua la Machi la Dar es Salaam au Mombasa litakuambia lingine ukiwa ndani yake.

Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za mtande, zinazokwenda na urefu sambamba na kingo mbili za kiwandani, na nyuzi za mshindio zinazovuka upana. Mtande karibu hauvutiki kabisa, mshindio unavutika kidogo. Ukivuta mshazari, pembe kwa pembe, kitambaa kilekile kinanyumbulika mpaka ukishangae. Mtu anayebana matumizi ya kitambaa hushawishika kukigeuza kiolezo kidogo upande ili kipande cha suruali kienee kwenye kona iliyobaki. Kitaenea, na kwa siku ya kwanza nguo itakaa sawa. Baada ya kufuliwa, mshono wa nje wa mguu utaanza kuzunguka kuelekea mbele ya muundi, na hakuna pasi wala kufumua kutakakourudisha. Nyuzi zinarudi zinakotaka.

Tabia hiyohiyo ndiyo iliyomjengea jina Madeleine Vionnet, mshonaji wa Paris aliyezaliwa mwaka 1876. Katika miaka ya 1920 alikata magauni makusudi kwa mshazari ili yaufuate mwili bila mikunjo mingi, akijaribu mitindo yake kwanza kwenye mwanasesere mdogo wa mbao. Sketi ya mshazari, ukiipenda, itundike siku nzima kabla ya kuipinda pindo. Itarefuka yenyewe, tena bila usawa, na ukipinda mapema utakuwa na pindo la mawimbi.

Kitenge kina mtego wake mwingine, nao ni picha. Kama ni ndege, feni au taa, zina kichwa na miguu. Ukikunja kitambaa kwa kukivuka upana kisha ukakata mbele na nyuma kwa pamoja, nusu ya ndege wako watatembea kichwa chini. Dira na kaftani zinazokatwa bila mshono wa begani haziwezi kuepuka hilo: kipande kimoja kinapanda mbele na kushuka nyuma, kwa hiyo ndege wa mgongoni lazima wageuke. Chagua ua lisilo na juu wala chini, au kubali kuongeza mshono wa begani. Kwa upande mwingine, kitenge cha nta halisi kinamsamehe mtu kosa maarufu kuliko yote, la kukata mikono miwili ya kushoto. Rangi yake imeingia pande zote mbili sawasawa, kwa hiyo unageuza mkono mmoja na maisha yanaendelea. Kwa satini au kitambaa kilichochapwa upande mmoja, huna la kufanya ila kurudi dukani na kuomba kile kitambaa kisiwe kimekwisha.

Vipimo sitavisemea sana. Usijipime mwenyewe mgongo na mabega, kwa sababu ukiinua mkono kushika futikamba tayari umebadilisha unachokipima. Omba mtu. Na mkubaliane mapema kama mnasoma inchi au sentimita.

Sasa kwapa. Hili ndilo darasa gumu kuliko mengine, na nimeona watu wenye akili zao wakilifeli kwa njia ileile moja.

Umeshona gauni, limekaa vizuri ukiwa umesimama mikono imelala. Unapanda daladala, unainua mkono kushika bomba, na gauni zima linapanda nalo. Kiuno kinakimbilia mbavuni na kwapa linakuuma. Ukirudi nyumbani akili inasema wazi: kwapa linabana, lichimbwe. Unachukua mkasi unalishusha sm 2. Unalijaribu tena, na sasa mkono hauinuki hata kufika ulipofika mwanzo. Unachimba tena.

Ubavu wa nguo, kutoka kwapani hadi kiunoni, ndio unaouachia mkono nafasi ya kupanda. Kila unapochimba, ubavu unafupika na kwapa la nguo linakwenda mbali zaidi na kwapa la mwili. Mkono ukiinuka haugeuki tena mahali pake. Unavuta upande wote wa nguo, kama mtu aliyefungwa kamba kiunoni. Nguo inayoruhusu mkono kucheza ina kwapa lililo juu, nafasi ya vidole viwili hivi chini ya kwapa la mwili, si zaidi. Kinachobaki kurekebishwa ni mkono wa nguo: kile kilele chake cha mviringo kinachoshonwa begani kikiwa kirefu, mkono unalala vizuri ubavuni lakini haupandi, kikifupishwa na mkono ukapanuliwa, utapanda, ila utafanya mikunjo ukiushusha. Huwezi kupata vyote viwili kikamilifu. Shati la kazi na koti la harusi yanachagua tofauti, na wewe uchague kabla ya kukata.

Kwa makunyanzi ya aina yoyote, kabla hujagusa chochote, simama mbele ya kioo uyasome. Mistari inayotawanyika kutoka mahali fulani inakuonyesha penye mkazo: ikitoka kwenye kifungo cha kifuani, kifua hakijatoshewa, ikitoka kwenye pachipachi za suruali kuelekea mapajani, mkato wa nyuma ni mfupi. Mikunjo ya mlalo mgongoni juu ya kiuno mara nyingi humaanisha nguo imeegemea nyonga na haina pa kushukia.

Wazee wetu wa pwani waliitatua shida ya kwapa bila mviringo wowote. Tazama kanzu ya kienyeji ilivyojengwa: badani mbele na nyuma, taharizi za pembeni zinazotanuka kuelekea chini, mikono iliyonyooka, na pale kwapani kipande kidogo kiitwacho kikwapa. Karibu kila kipande kimekatwa kwa mistari iliyonyooka, kwa hiyo kitambaa hakipotei. Kikwapa ndicho chenye kazi ya ujanja. Kinaongeza urefu palepale ubavu unapokutana na mkono, na kwa kuwa kinavutwa kwa mshazari, kinanyumbulika. Mtu anaweza kuadhini, kupanda mnazi au kubeba mtungi kichwani na kanzu isisogee.

Kwa hiyo kama umeshachimba kwapa, hujafika mwisho. Fumua mshono wa ubavu kidogo na mshono wa mkono kidogo, ingiza kikwapa cha kitambaa kilekile, piga bandi kwanza, vaa, inua mikono, halafu ndipo ushone. Kosa la mkasi limefichwa na uzi. Hili linawezekana kwa sharti moja: kwamba hukutupa vipande. Weka vyote mpaka nguo iwe imevaliwa na kufuliwa mara kadhaa.

Ikikushinda, nenda kwa fundi, na umwambie ulichofanya. Kuna watu hufika barazani na gauni lililochimbwa kwapa kila upande, wakasema walilinunua hivyo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Nani kaligusa hili?"

"Lilikuwa hivihivi."

Fundi analigeuza ndani nje, anaona chaki ya bluu na mkato wa mkasi wa jikoni, ananyamaza. Atalishona, lakini hatakufundisha. Mficha uchi hazai. Ungesema "nilishusha sm 2, mkono ukagoma", angekuonyesha kwa kidole penye kosa, na pengine asingekutoza.

Njia ya uhakika zaidi ya kujifunza bila hasara ni kufanya makosa yote kwenye nguo ya majaribio. Kitambaa chake kiko siku nyingi katika biashara ya pwani hii: marekani, ile pamba isiyopaushwa. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliileta Unguja kwa wingi katika karne ya 19, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, ikavaliwa mpaka bara, na ilipozorota kwa sababu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865, viwanda vya Bombay vikapata nafasi yao. Jina likabaki. Ni rahisi, inachorwa kwa kalamu bila shida, na kama huna, shuka kuukuu linatosha.

Kata gauni zima humo, bila ukosi, bila zipu, bila ovaloki. Shona kwa mshono mrefu, mm 4 hivi, ambao utafumuka kwa kuvuta. Vaa ndani nje, bana kwa pini panapopwaya, kata panapokaza na upachike kiraka, andika juu yake kwa kalamu: "punguza hapa", "bega la kulia liko chini". Mabega ya watu wengi hayalingani, na hakuna kiolezo cha dukani kitakachokuambia. Halafu fumua yote, uyapige pasi vipande, na hivyo vipande vyenyewe ndivyo kiolezo chako kipya. Kwa dira sioni haja ya kujitaabisha hivi, dira husamehe. Kwa suruali au gauni la kubana, anayeruka hatua hii kwa kubana matumizi ataishia kununua kitambaa mara mbili.

Shule nyingine ya bei rahisi iko kwenye marundo ya mitumba. Tafuta shati linalokutosha vizuri mabegani hata kama limechakaa au lina doa, ulinunue kwa ajili ya kulifumua. Kila unachokifumua kiandikie namba kwa kalamu, ukianza na moja. Utaanza na pindo la chini, kisha vikofi vya mikononi. Halafu utakuta jambo linalowashangaza wengi: ubavu na sehemu ya chini ya mkono ni mshono mmoja mrefu, kutoka kiunoni hadi kiganjani, maana kiwandani mkono wa shati ulipachikwa begani nguo ikiwa bado imetandazwa wazi, kabla ubavu haujafungwa. Anayeanza hufunga ubavu kwanza, akafunga mkono peke yake kama bomba, kisha akahangaika kuingiza mviringo ndani ya mviringo. Kwa gauni lenye kilele kirefu cha mkono hilo ndilo sahihi. Kwa shati ni kujitafutia kazi.

Endelea mpaka mikono itoke, kisha ukosi, kisha kile kipande cha mabegani. Linganisha kilele cha mkono na tundu lake kwa futikamba uone kipi ni kirefu na kwa kiasi gani. Pima nafasi ya mshono iliyoachwa ndani, ubavuni na shingoni. Shingoni utaikuta ndogo zaidi, kwa sababu penye mviringo mkali kitambaa kingi cha ndani hufanya mshono usilale. Wakati wa kushona, anza na namba kubwa kabisa na urudi nyuma kuelekea moja. Ukosi utakujia mapema kuliko ulivyotaka, kwa hiyo siku hiyo usipange kitu kingine.